Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: balbu na chaja zinazovuruga vifaa vingine ziwekewe sheria

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi wa redio na vifaa vya umeme mkoani Morogoro. Mara nyingi mteja huniletea redio akilalamika kwamba kila jioni inakoroma hadi kituo hakisikiki, lakini nikiiwasha kibandani inasikika safi. Nikimfuata nyumbani na kumwomba azime balbu za LED za bei ya chini zilizofungwa sebuleni, kelele hukoma papo hapo.

Balbu ya aina hiyo ina sakiti inayowasha na kukata mkondo wa umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na ukataji huo huzalisha mawimbi ambayo, yasipozuiwa kwa koili na kapasita pale umeme unapoingilia, hutoka kupitia nyaya za nyumba zikawa kama antena. Nimefungua balbu na chaja nyingi nikakuta nafasi za vipuri hivyo zimechorwa kabisa kwenye bodi, ila vipuri vyenyewe havimo. Aliyebuni bodi ile alijua vinahitajika; aliyeiunda aliviacha ili kupunguza gharama.

Redio kukoroma ni kero, lakini mashine ya kupima mwenendo wa moyo husoma umeme wa milivolti chache tu kutoka mwilini mwa mgonjwa, na zahanati zetu zinafunga balbu, chaja na inveta za sola zilezile zinazouzwa madukani, kwa hiyo mvurugo huohuo unaweza kuharibu usomaji wake.

Jumuiya ya Ulaya, ambayo sasa ni Umoja wa Ulaya, ilitunga sheria ya jumla kuhusu jambo hili mwaka 1989, na sheria inayotumika sasa, namba 2014/30/EU, inataka kifaa cha umeme kisivuruge vingine na pia kiweze kustahimili mvurugo wa kiwango cha kawaida. Vipimo navyo vipo: CISPR, kamati ya kimataifa ya kushughulikia mvurugo wa redio iliyoundwa mwaka 1934, imeweka mipaka ya mvurugo na namna ya kuupima, na kiwango chake cha CISPR 15 kinahusu taa. Hatuna haja ya kubuni chochote upya.

Kwetu, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaipa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, uwezo wa kuidhinisha vifaa vya mawasiliano, nayo balbu si kifaa cha mawasiliano. Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, kanuni itungwe chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009 ili mipaka hiyo iwe ya lazima kwa kila kifaa cha umeme kinachoingizwa au kuundwa nchini, kiwe na antena au kisiwe nayo. Kwa kuwa TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, tayari ina utaratibu wa kukagua bidhaa huko zinakotoka kabla hazijapakiwa melini, cheti cha maabara kuhusu mvurugo kidaiwe hapohapo, na wataalamu wa masafa wa TCRA washirikishwe kupima sampuli za madukani.

Itasemwa kwamba bei zitapanda. Koili na kapasita vikinunuliwa kwa jumla kiwandani ni vya bei ndogo sana, na gharama inayokwepwa leo anaibeba jirani ambaye hakununua balbu hiyo. Hata hivyo naomba adhabu imwangukie mwagizaji, si machinga mwenye boksi moja mkononi, na wenye maduka madogo wapewe muda wa kumaliza mzigo walionao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa redio, Morogoro