Barua ya wazi kwa Mratibu: leta mahindi kabla mvua haijabeba barabara

Ndugu Mratibu wa mradi wa chakula kwa kazi,

Kwa heshima nakusalimu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizokuletea kwa mkono hazikujibiwa.

Jumanne usiku tulimshusha mama mwenye uchungu kwa machela, kwenye barabara ileile tuliyoichimba wenyewe. Kona ya pili mvua ilikuwa imekata ukingo, tukapita mmoja mmoja tukishikilia migomba. Mama na mtoto ni wazima, Mungu ni mwema. Ila alijifungulia njiani, juu ya kanga yangu.

Januari ulisimama mbele yetu ukaahidi: siku moja ya kazi, kilo tatu za mahindi, maharage na mafuta kila mwisho wa mwezi. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tumeurithi kwa babu zetu, na barabara hii tungeichimba hata bure. Lakini mashamba yetu ya tambarare yamekauka, na mwenye njaa hawezi kushinda na sururu. Februari tulipata nusu. Machi hatukupata hata punje.

Nimeponda kokoto siku 41, daftari la mahudhurio lipo. Nyundo imenichuna hapa chini ya kidole gumba, na kidonda hakifungi kwa kuwa kila asubuhi nakitonesha. Jioni wanangu wanakula ndizi za kuchemsha, tena changa, bila maharage.

Vijana wameshuka Moshi mjini kubeba zege. Siwalaumu, nao wana watoto. Lakini mitaro imebaki nusu, kalavati hazijafukiwa, na barabara ya mlimani isiyo na mitaro hugeuka korongo. Udongo wa njia ya zamani ulishikiliwa na nyasi. Sisi tumeshatifua udongo, maji yanauzoa wote. Bora tusingeanza!

Wapo wanaosema lori liliharibika, wengine majina yanahakikiwa upya. Mimi nadhani daftari letu limelala mezani kwa mtu likisubiri sahihi. Kama ni hivyo, ndugu yangu, lisainiwe leo.

Masika ndiyo kwanza yanaanza, na Aprili huku juu haina huruma. Leta mahindi ya Machi wiki hii. Vijana watarudi, mitaro tutaimaliza. Lori likishindwa kupanda, yashushwe pale lami inapoishia. Tutayabeba kichwani.

Mama mponda kokoto,
milimani, juu ya Moshi