Kabla ya kufunga stoo, tazameni kama kuna paka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye stoo na maghala wa mkoa wetu wa Mtwara kabla msimu wa korosho haujapamba moto. Jambo lenyewe ni la paka. Najua wapo watakaofunua ukurasa mwingine wakishasoma hapa, na hao ndio hasa ninaowaomba wanivumilie.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani, mjane, naishi na mjukuu wangu wa kiume wa miaka tisa. Tuna paka jike mwenye rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya machungwa, ndiyo maana tukamwita Tatu. Hulala ndani ya kapu la vipande vya vitambaa chini ya cherehani, na nikianza kukanyaga hutikisa mkia bila kufumbua macho. Nguo za wateja nazikung'uta manyoya kwanza ndipo nizipige pasi. Huu ni mwaka wa nne tangu aingie kwangu, na sijamwaga hata kibaba kimoja cha unga kwa sababu ya panya.

Jumanne moja ya mwezi wa Agosti hakurudi magharibi. Kisahani cha dagaa nilichomwekea kililala vilevile, asubuhi nikakikuta kimejaa sisimizi.

Siku ya kwanza unajipa moyo kwamba amekwenda kuwinda. Siku ya pili unaanza kutazama barabarani. Barabara ya Lindi inapita hapa kando ya ghuba na malori hayapunguzi mwendo. Niliifuata ukingo kwa ukingo, mjukuu nikamwambia abaki nyuma yangu hatua ishirini, nisitake macho yake yawe ya kwanza kuona. Kila mfuko mweusi uliotupwa kando ya lami ulinikata miguu. Kuna mmoja niliufungua kwa kijiti, ulikuwa na maganda ya mihogo, nikakaa chini palepale nikashusha pumzi.

Nikakumbuka kwamba Jumapili iliyotangulia alipita yule kijana wa kipaza sauti, "dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni, viroboto." Nikaanza kupiga hodi nyumba baada ya nyumba nikiuliza nani alinunua. Watu wengi hawajui kwamba zipo sumu za panya zisizoua papo hapo. Zinazuia damu isigande, panya anakwenda siku kadhaa akiwa hai, mzito, anayumba, na paka wa mtaa mzima hawapati windo jepesi kuliko hilo. Paka naye akishamla huanza kuvuja damu ndani siku chache baadaye, mahali ambapo hakuna anayemwona. Yako matibabu, vitamini K ikiwahiwa, lakini utamwahije usiyejua alipo? Wawili walikubali kwamba walinunua. Sikuwalaumu, panya wanasumbua kweli. Niliwaomba tu siku nyingine waseme, nimfungie wangu ndani.

Lazima nieleze kwa nini nilihangaika kiasi kile. Mwaka 2019 nilikuwa na paka dume wa kijivu. Alitoka usiku akaenda, na mpaka leo sijui kama ni gari, sumu, mbwa au mtu. Angekufa mikononi mwangu ningemzika chini ya mchungwa nikalia yakaisha. Huyu hajaisha. Nikisikia paka analia kwenye magofu ya nyumba za mawe nageuka, na najua fika kwamba miaka yote hiyo hawezi kuwa yeye.

Tena mwenye paka hana pa kupeleka habari yake. Mbuzi akipotea, mjumbe anajua kabla ya magharibi na vijana wanatawanyika. Mtoto akipotea linatangazwa msikitini. Nilifika mpaka mlango wa msikiti Alhamisi ile, nimekusudia kumwomba muadhini aseme neno moja, nikaona haya, nikarudi. Mitaani niliambiwa paka atarudi mwenyewe, paka ana roho saba, huyo kapata bwana. Mmoja akaniambia nichukue mwingine, wamejaa feri. Nilimjibu kwamba mjukuu wangu ana siku tatu hamalizi chakula chake, na anayemtaka si paka, ni Tatu.

Aliyenisaidia ni mtoto wa kike wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, naye jina lake Tatu. Usiku wa kwanza nilipokuwa naita alitoka na kusema "abee bibi," na tangu hapo kila jioni alikuja na tochi ya simu ya mama yake. Tukamulika magofu, mitaro, chini ya madau yaliyopandishwa pwani, maana macho ya paka yanarudisha mwanga. Yalituangalia macho mengi, ya kwake hayamo.

Tulikuwa tunatafuta mbali mno. Afisa mifugo aliniambia baadaye kwamba paka wa nyumbani aliyeingiwa na hofu mara nyingi huwa karibu sana, amejibanza, na hata ukimwita kwa sauti yako hajibu. Kwa mchana wote kusi lilikuwa linavuma, makuti yanapiga kelele, usingesikia kitu. Jumatatu alfajiri upepo ukatulia kabla ya adhana. Nilikuwa uani natia udhu. Nikasikia sauti nyembamba, kama mlango unaohitaji mafuta. Nikafunga bomba. Ikaja tena, kutoka stoo ya mbaazi, nyumba ya nne kutoka kwangu. Nilikuwa nimepita mbele yake zaidi ya mara thelathini.

Mwenye stoo simtaji, tumekwisha kusameheana. Jumanne mchana alipata habari ya msiba Newala, akafunga makufuli mawili akaondoka. Nilipompigia simu alisema, "Bi mkubwa, si paka tu? Narudi Alhamisi." Siku tatu nyingine! Nilichana kipande cha kanga, nikakilowesha maji nikakisukuma chini ya mlango, nikashika ncha kwa vidole viwili. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha ncha ile ikaanza kutikisika, kidogo kidogo, kwa mpigo mmoja usiobadilika. Alikuwa ananyonya maji. Nililowesha kitambaa kile mara tisa, na baina yake nikampigia mjumbe, mjumbe akampigia mwenye stoo, ikajulikana ufunguo wa pili uko Mtwara mjini kwa kijana wake wa dukani. Kijana alikuja na bodaboda saa tatu asubuhi. Mimi ndiye niliyelipa nauli, na ningelipa mara kumi.

Alikuwa nyuma ya magunia, mbavu unazihesabu, makucha ya mbele yamekatika kwa kukwaruza mlango. Chini ya mlango ule kwa ndani mbao ilikuwa nyeupe. Nadhani aliishi kwa panya mmoja wawili wa mle mle. Afisa mifugo alinionya nisimshindilie chakula, nimpe kidogo kidogo mara nyingi, na nisiache siku ipite bila kula, kwa sababu paka aliyekaa siku nyingi na njaa ini lake hujaa mafuta na linaweza kumuua hata baada ya kupatikana. Wiki nzima nilimlisha mchuzi wa dagaa kwa kijiko.

Kila aliyekaa chuo cha Kurani ameisikia hadithi ya Mtume ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Jirani yangu hakukusudia, na siku ya msiba nani ana akili ya kutazama nyuma ya magunia? Ndiyo maana nasema mapema. Korosho zikianza kuingia Oktoba, milango itafunguliwa mchana kutwa na kufungwa usiku kwa haraka, halafu magunia yanangoja mnada. Paka wanafuata panya wenu. Gonga debe tupu, mulika kona, ngoja dakika tano mlango ukiwa wazi, ndipo ufunge. Jirani akija na kusema anasikia sauti ndani, mfungulie siku hiyohiyo.

Na ombi langu kubwa ni hili: andikeni kwa chaki mlangoni namba ya simu ya mtu wa karibu anayeshika ufunguo. Mwenye stoo wa hapa kwetu ameshaandika, juu kidogo ya kufuli, na ameahidi mvua ikiifuta ataandika tena.

Fundi cherehani,
Mikindani, Mtwara.