Barua kwa rafiki: jeshi linapotoka kambini

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa wote. Ama baada ya salamu, barua yako niliipata na nimeisoma kwa makini, hasa pale unapouliza kwa nini Wakenya walipaza sauti jeshi lilipoingia barabarani mwaka 2024, ilhali jeshi hilohilo limekuwa Somalia tangu 2011 na wengi wetu hatuulizi neno. Nimeona nikujibu kwa urefu, kwa sababu swali lako limegusa mahali ambapo Katiba yetu imeandikwa vizuri lakini utekelezaji wake unachechemea.

Nianze na tarehe 25 Juni 2024. Siku hiyo kundi la kwanza la polisi wetu lilitua Port-au-Prince kukabiliana na magenge ya Haiti, na siku hiyohiyo, baada ya waandamanaji waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha kuingia katika majengo ya Bunge, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alitangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba jeshi limetumwa kuwasaidia polisi hapa nyumbani. Polisi wakawa ng'ambo, wanajeshi wakawa mitaani. Najua kila tukio lilikuwa na safari yake, lakini sijapata mfano bora zaidi wa kukuonyesha jinsi mipaka tuliyojiwekea katika Katiba ya mwaka 2010 inavyoweza kuvukwa pande zote mbili kwa siku moja.

Mipaka yenyewe ni hii. Kifungu cha 241 kinalipa jeshi kazi ya kwanza ya kulinda uhuru na mipaka ya nchi. Kazi ya pili ni kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na hapo jeshi linatakiwa kutoa ripoti kwa Bunge la Kitaifa kila linapotumwa. Ya tatu ni kurejesha amani katika sehemu ya nchi yenye vurugu, na hiyo haiwezekani bila idhini ya Bunge hilo. Kuhusu nje ya nchi, Kifungu cha 240 kinasema Baraza la Usalama la Kitaifa linaweza kupeleka majeshi katika shughuli za amani au shughuli nyingine za usaidizi, mradi Bunge liidhinishe. Tofauti kati ya ripoti na idhini inaonekana ndogo, lakini ndipo mambo yote yanapoamuliwa.

Tangazo la 25 Juni liliegemea kazi ile ya pili, yaani dharura. Lilikuwa fupi mno: lilitaja dharura ya kiusalama, maandamano yenye ghasia katika sehemu mbalimbali za nchi, na uharibifu wa miundombinu muhimu. Halikutaja mji hata mmoja wala siku ambayo wanajeshi wangerudi kambini. Wabunge waliidhinisha hatua hiyo kesho yake, na Chama cha Mawakili kikakimbilia Mahakama Kuu. Jaji Lawrence Mugambi hakulirudisha jeshi kambini, lakini aliiagiza serikali ichapishe, ndani ya siku 2, maeneo ambayo jeshi lingefanya kazi na muda ambao lingekuwapo. Kwangu mimi agizo hilo ndilo funzo kubwa la mwaka ule, na linasikitisha kwa kuwa lilitoka kwa jaji wakati wabunge walikuwa na nafasi ya kulidai wenyewe kabla ya kupiga kura.

Sasa tuje Somalia. Katikati ya Oktoba 2011, baada ya visa vya utekaji nyara Lamu na Dadaab, mawaziri wawili waliwaambia waandishi wa habari kwamba Kenya itawafuata Al-Shabaab huko waliko, na ndani ya siku chache magari ya kivita yalikuwa yamevuka mpaka katika Operesheni Linda Nchi. Hoja ya serikali ilikuwa haki ya kujilinda kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Februari 2012, Azimio namba 2036 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipandisha idadi ya walinda amani wa Umoja wa Afrika hadi 17,731, na wanajeshi wetu wakaingizwa humo. Kufikia Oktoba mwaka huo Kismayo ilikuwa imeponyoka mikononi mwa Al-Shabaab. Tangu hapo kikosi hicho cha Umoja wa Afrika kimebadilishwa jina mara mbili: AMISOM imekuwa ATMIS, na ATMIS imekuwa AUSSOM. Kwa askari aliye kwenye handaki, sidhani kama kubadilishwa kwa herufi begani kumempunguzia mzigo wowote.

Nawe unakumbuka El Adde. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu hiyo ya huko Somalia ilivamiwa, gari lililosheheni vilipuzi likatangulia, na kambi ikatekwa. Serikali haikuwahi kutoa hesabu rasmi ya waliouawa. Rais wa Somalia wa wakati ule, Hassan Sheikh Mohamud, alisema kwenye mahojiano ya televisheni kwamba walikuwa kati ya 180 na 200, na Kenya ikapinga, lakini haikutoa hesabu yake. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2017, kambi ya Kulbiyow nayo ikashambuliwa, na tukasikia tena takwimu mbili zisizolingana, moja ya jeshi na nyingine ya adui. Nakubali kwamba jeshi haliwezi kuanika siri zake za vita, ila idadi ya makaburi si siri ya vita, na Bunge lenye mamlaka ya kutoa idhini lina haki ya kuijua.

Safari ya wanajeshi wetu kwenda Kongo, katika kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilikwenda kwa karatasi nyingi zaidi. Bunge liliwekewa idadi ya wanajeshi, zaidi ya 900, pamoja na gharama na muda. Hata hivyo Rais alikuwa amekwisha kuwakabidhi bendera tarehe 2 Novemba 2022, na idhini ya Bunge ikaja wiki moja baadaye. Unaweza kusema wiki moja si kitu. Mimi nasema mbunge anayepiga kura baada ya bendera kukabidhiwa hana la kuamua tena. Kikosi hicho kiliondoka Desemba 2023 kwa sababu serikali ya Kongo ilikataa kuongeza muda, si kwa sababu sisi tulikaa tukapima kazi iliyofanyika.

Cha ajabu, mara moja tulirudi haraka sana. Novemba 2016, Umoja wa Mataifa ulipomwachisha kazi Jenerali Johnson Ondieki, kamanda wa kikosi cha Sudan Kusini, Kenya ilikasirika na kuanza kuwaondoa wanajeshi wake wapatao 1,000. Kumbe njia ya kurudi ipo, ikiwa heshima yetu imeguswa.

Kuhusu nyumbani, usidhani ni maandamano tu. Tangu Februari 2023 jeshi limekuwa likisaidia polisi dhidi ya wezi wa mifugo wenye silaha katika kaunti za Bonde la Ufa Kaskazini, na ilikuwa katika ziara inayohusiana na kazi hiyo, ikiwa ni pamoja na kufunguliwa upya kwa shule zilizofungwa kwa sababu ya mashambulizi, ndipo helikopta ya Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, ilipoanguka Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024. Afisa wetu wa juu kabisa alifia kazini ndani ya nchi, katika operesheni ambayo wengi walidhani ingekuwa ya muda mfupi.

Haiti ina kisa chake. Januari 2024 Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Baraza la Usalama la Kitaifa linaweza kupeleka majeshi nje, lakini halina mamlaka ya kupeleka polisi, na ndiyo maana serikali ilitafuta makubaliano ya nchi mbili na Haiti, yaliyotiwa saini Nairobi tarehe 1 Machi. Wanasheria wanaendelea kubishana kama hilo lilitosha, nami siwaingilii.

Umesema mbunge wenu atafika kikaoni mwezi ujao. Usimuulize kama anawaunga mkono wanajeshi, maana hakuna atakayejibu hapana. Muulize Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Nje ilipokea lini ripoti ya mwisho kuhusu Somalia na kuhusu Bonde la Ufa, kama zilijadiliwa au ziliwekwa mezani tu, na kama zilitaja tarehe ya kurudi. Akikujibu lolote, niandikie mara moja.

Wasalimie wote.

Ndimi rafiki yako wa siku zote.