Tairi za pikapu zisichaguliwe kwa macho

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wenzangu wanaobadilisha tairi za pikapu huku wakibaki na rimu za kiwandani. Hilux yangu ina rimu za inchi 17 na ilikuwa na tairi za 265/65R17, lakini muuzaji mmoja alinishawishi nichukue 265/70R17, akidai kwamba hiyo tano iliyozidi si kitu. Kumbe namba ya katikati, 65 au 70, ni kimo cha ukuta wa tairi kwa asilimia ya upana wake, ambao ni milimita 265: ukuta uliongezeka milimita 13 hivi na kipenyo kizima zaidi ya milimita 26, kwa hiyo spidomita inaposoma 80, gari linakwenda karibu 83. Siku nilipopakia saruji na kukata kona kali, tairi la mbele lilikwaruza madigadi hadi plastiki ikachanika.

Wauzaji wengi huuliza inchi ya rimu tu. Ni heri kufungua mlango wa dereva, kusoma kibandiko cha vipimo, kisha kuangalia namba ya uzito ubavuni mwa tairi. 112, kwa mfano, maana yake ni kwamba kila tairi linaweza kubeba hadi kilo 1,120.

Msomaji wako,
Morogoro