Risala ya Kikundi cha Yoga na Mazoezi ya Pumzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Yoga Duniani, 21 Juni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mashehe na wachungaji wetu,
Wazee wetu, shikamooni,
Mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai na pumzi. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuupokea mwaliko wetu na kufika wewe mwenyewe hapa Tanga. Shukrani hii ina uzito, kwa kuwa tumewahi kuletewa wawakilishi, nao wakatuahidi kuwa ujumbe utafikishwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, siku tunayoiadhimisha ilipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2014, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Mwaka 2016 UNESCO iliiorodhesha yoga ya India katika urithi wa utamaduni wa binadamu. Elimu hiyo ni pana na ni ya kale. Sisi tumechukua sehemu zake mbili: asana, yaani mikao ya mwili, na pranayama, yaani kuiongoza pumzi. Tunalisema wazi mbele ya viongozi wetu wa dini kwamba hapa hakuna ibada inayofanyika; kila mwanachama anakuja na dini yake na kuondoka nayo.

Kikundi kilianza na akina mama wachache chini ya mwembe. Leo tuko 40: mama lishe, madereva wa bodaboda, mafundi cherehani na walimu wastaafu. Tumesajiliwa halmashauri, tumefungua akaunti benki, tumeshona wenyewe mito ya sufi ya kuegemeza magoti na migongo, na kwa michango yetu tumesimamisha banda hili la mita 12 kwa 8 lenye paa la bati. Tunathubutu kusema kuwa sisi ni kinara wa afya katika kata hii, maana tunakutana saa 12 asubuhi siku sita kwa wiki bila posho ya mtu yeyote.

Mheshimiwa, ili ombi letu lieleweke, ni lazima kwanza tueleze kinachofanyika ndani ya banda hili.

Mwanachama anafika kabla ya kula, au saa mbili hadi tatu baada ya mlo. Analala chali, magoti ameyakunja, mkono mmoja tumboni na mwingine kifuani. Mkono wa tumboni ndio unaopaswa kuinuka kwanza. Wengi wanapoanza huinua mabega, shingo ikakaza, na hewa ikaishia juu ya kifua. Akishaweza, anavuta kwa pua kwa hesabu ya 4 na kutoa kwa hesabu ya 6, kila hesabu sekunde moja. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huvuta 12 hadi 20. Pumzi inapotoka polepole, mapigo ya moyo hupungua, na neva zinazopima msukumo wa damu kwenye mishipa ya shingo na kifua hufanya kazi vizuri zaidi. Mwenye dawa za presha anaendelea kuzimeza kama daktari alivyomwandikia. Hilo hatulifanyii mzaha.

Inafuata nadi shodana, pumzi ya kubadilisha tundu za pua. Kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia vinakunjwa. Gumba linaziba tundu la kulia, mtu anavuta kwa kushoto. Kidole cha pete kinaziba kushoto, anatoa kwa kulia. Anavuta kwa kulia, anatoa kwa kushoto. Huo ni mzunguko mmoja, na mizunguko 5 inamtosha anayeanza. Kosa kubwa ni kubana pua kwa nguvu hadi kichwa kinainama upande. Mwenye mafua siku hiyo hafanyi.

Kapalabati, yaani kutoa pumzi kwa mapigo ya tumbo, tunaifundisha kwa tahadhari. Wajawazito, wenye presha ya kupanda, ngiri, presha ya macho au kidonda cha upasuaji hawaifanyi kabisa. Anayeiharakisha hutoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa, naye anapata kizunguzungu na ganzi kwenye midomo na ncha za vidole. Huyo anasimamishwa na kuachwa apumue taratibu kwa pua mpaka atulie. Tunamalizia na bramari, mvumo wa nyuki: midomo imefungwa, meno hayagusani, pumzi inatoka kwa sauti ya mmm. Wenye usingizi mgumu huipenda kuliko zote.

Kwa viungo, madereva wetu wa bodaboda wanahitaji zaidi mkao wa paka, wa kupiga magoti na viganja chini na kuukunja na kuunyoosha mgongo, na mkao wa daraja, wa kulala chali na kuinua nyonga, kwa kuwa mgongo wao hukaa umekunjwa mchana kutwa. Wazee wanahitaji mkao wa mti, wa kusimama kwa mguu mmoja, wajizoeze wasije wakaanguka nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yote hayo yanafanyika juu ya udongo. Hapa ndipo lilipo ombi letu.

Banda hili halina sakafu. Mtu anayefundishwa kuvuta pumzi ndefu kuliko kawaida yake anaivuta akiwa amelala, pua ikiwa karibu kabisa na vumbi. Pua huchuja sehemu ya vumbi, lakini lile laini kabisa linapita hadi mapafuni. Wanachama wenye pumu, ambao wana haki ya kufaidika na pumzi hizi kama wengine, wanalazimika kukaa nje upepo ukivuma. Tukimwagia maji kutuliza vumbi, tunapata tope, na mikeka ya ukili inaota ukungu, ambao nao humkera mwenye pumu.

Pili, udongo umeinama. Upande wa mashariki uko chini kwa sentimita 18. Mzee akisimama kwa mguu mmoja kwenye mteremko, nyonga moja inashuka na kifundo kinapinda kabla hata hajainua mguu wa pili. Mwenye presha akilala kichwa kikielekea chini, damu inamjaa kichwani, na hilo ndilo tunalolikwepa. Mvua ikinyesha, maji yanatuama mashariki na nusu ya banda haitumiki. Kila mtu anahitaji mita 2 kwa 1.2 ili anyooshe mikono bila kumpiga jirani; banda zima linawatosha watu 40, nusu yake haiwatoshi.

Mheshimiwa, hatusemi haya kwa mara ya kwanza. Mgeni rasmi mmoja aliahidi mifuko 50 ya saruji mbele ya umati kama huu. Aliyemfuata akaahidi kokoto, akaongeza na rangi ya nguzo. Makofi tulipiga. Kamati ilifuatilia kwa barua na kwa miguu, ikajibiwa kwa adabu kuwa suala linashughulikiwa. Tunawaheshimu wote wawili na kuamini kuwa majukumu yaliwazidi. Ila wapo wazee waliozisikia ahadi zile wakiwa na nguvu za kulala na kuinuka chini, na leo wanafanya mazoezi yao wakiwa wamekaa kwenye viti.

Kwa hiyo safari hii tumekuja na hesabu kamili. Kifusi cha kusawazisha mteremko tumeshakikusanya, kinaonekana nyuma ya banda, na tutakishindilia wenyewe. Juu yake inahitajika nailoni nzito ya kuzuia unyevu, mita za mraba 100 na ziada kidogo ya kupandishana kwenye maungio. Huku pwani, sakafu isiyo na nailoni hutoa unyevu mwaka mzima. Kisha zege la jamvi, yaani la sakafu yenyewe, la sentimita 10, uwiano wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto, na juu yake lipu ya sentimita 3 iliyosawazishwa kwa ubao. Isilainishwe mno, kwa kuwa mkeka wa ukili huteleza kwenye sakafu laini na mkono ukiteleza kifundo kinaumia. Jumla ni saruji mifuko 85 ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 8 na kokoto mita za ujazo 9. Nguvukazi ni yetu, maji ni yetu, na wanachama wameshapanga zamu za kumwagilia zege kwa siku 7 lisipasuke.

Tunaomba mambo mawili kuhusu utekelezaji, na utuwie radhi kwa uwazi wetu. La kwanza, vifaa vije kwa pamoja. Saruji ikitangulia na kokoto zikachelewa, unyevu wa pwani utaigandisha mifukoni na msaada wako utakuwa umepotea. La pili, vifike kabla ya mvua za vuli, yaani kabla ya Oktoba. Tungefarijika sana iwapo tamko lako la leo litakuwa na tarehe, pamoja na jina la ofisa ambaye Kamati itawasiliana naye.

Tunahitaji pia mashine ya kupimia presha ya kufunga juu ya kiwiko, yenye mikanda ya saizi mbili, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha kubwa kuliko ilivyo. Hilo laweza kusubiri. Sakafu haiwezi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii wanachama watakuonyesha pumzi ya bramari na mkao wa mti. Kiti chako kimewekwa upande wa magharibi palipo juu, nasi tunakuomba, kabla ya kuondoka, utembee nasi hadi upande wa mashariki uone maji yanapotuama.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati na wanachama wote.