Kadi ya kliniki ikabidhiwe kwa baba kabla mama hajasafiri

Ndugu Mhariri,

Sisi ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii mkoani Lindi. Tunaomba nafasi tuseme jambo moja: mama anayekwenda Oman kufanya kazi za ndani amkabidhi baba kadi ya kliniki na kwenda naye kupima mtoto angalau mara mbili kabla ya safari.

Huku kusini, kwa Wamwera na Wamakonde, mtoto tangu zamani huhesabiwa wa ukoo wa mama. Kwa hiyo baba akiachiwa watoto, wengi hutegemea atawapeleka kwa bibi mzaa mama, na anayeamua kubaki nao hakuna anayemwelekeza. Pesa zinaingia kwenye simu, lakini hajui mtoto ana kilo ngapi.

Na kilo ndizo zinazoamua dawa. Mtoto mwenye malaria aliye na kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja cha ALu kila dozi. Kilo 15 hadi chini ya 25, viwili. Dozi ni sita kwa siku tatu. Ya pili hutolewa baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta. Kosa tunalolikuta ni lilelile: homa ikishuka siku ya pili, vidonge vinavyobaki vinawekwa kabatini viwe akiba ya mdogo wake. Vimelea havijaisha, homa inarudi.

Uji nao una mambo yake. Baba, kwa nia njema kabisa, hununua unga wa lishe wa kutosha mwezi mzima, uliosagwa pamoja na karanga. Karanga ikishasagwa huchacha upesi, na iliyoota ukungu huwa na sumukuvu ambayo haiishi kwa kuchemsha. Afadhali nafaka isagwe peke yake. Karanga zichaguliwe, zilizosinyaa na zenye ukungu zitupwe, nzuri zikaangwe na kutwangwa laini, za siku mbili tatu tu, kisha zitiwe wakati wa kupika. Korosho zilizobanguliwa zinafaa vilevile. Uji ukae kwenye kijiko, usichuruzike: tumbo la mtoto wa miezi tisa ni dogo, uji mwepesi hulijaza maji tu. Apewe mara tatu au nne kwa siku.

Msimu wa kupuliza mikorosho, baba anarudi alfajiri shati limejaa vumbi la salfa, na mtoto anamkimbilia. Aoge na kubadili nguo kwanza. Vumbi hilo huwasha macho na kifua. Mfuko wa salfa usilale chumba kimoja na unga.

Chanjo inayosahaulika zaidi ni ya pili ya surua-rubela, miezi 18, kwa sababu mtoto keshatembea na anaonekana mzima.

Kwa wauguzi tuna ombi. Baba akifika na mtoto mgongoni, asiulizwe mbele ya foleni nzima, "Mama yake yuko wapi?" Aliyeaibishwa hivyo mwezi huu, mwezi ujao hatumwoni. Aitwe kwa jina la mtoto kama wengine, apimiwe, aelezwe mstari wa uzito kwenye kadi unapanda au umelala.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii,
Lindi