Hita ya gesi inazimika kila usiku? Angalia tundu lililo chini yake

Majira ya baridi yaliyopita mama mmoja anayeishi kwenye trela alitupigia simu alfajiri, sisi mafundi wa hita za maji. Maji ya kuwaogeshea watoto yalikuwa baridi tena, mara ya tatu wiki hiyo. Kila jioni mumewe alipiga magoti nje, akawasha ule moto mdogo wa pailoti, ukakaa saa chache halafu ukazimika. Walishanunua themokapo mpya, kile kijiti kinachohisi joto la pailoti, na kuifunga wenyewe, hali ikawa ileile.

Nilipofungua mlango wa kabati la hita, cha kwanza kuonekana kilikuwa masizi, weusi uliopanda kwenye bati juu ya kidirisha cha jiko la hita, pale gesi inapoungulia. Nikawasha. Moto ulikuwa wa manjano, unayumba huku na huku, badala ya kusimama wima na rangi ya bluu. Nikamulika tochi sakafuni. Tundu la hewa lililo chini ya hita lilikuwa limeshindiliwa kipande cha blanketi. "Panya walikuwa wanapita hapo, na baridi nayo inapanda," mama akaniambia. Nilimwelewa kabisa. Lakini blanketi hilo ndilo lililokuwa linazima hita yao, na lilikuwa linaelekea kwenye jambo baya zaidi ya kuoga maji baridi.

Ndugu zetu wengi hapa Marekani wanaanzia maisha kwenye nyumba za kiwandani, zile ambazo bado tunaziita trela. Ni nyumba nzuri na bei yake inabebeka. Ila tangu tarehe 15 Juni 1976 zinajengwa kwa kanuni zake zenyewe, za wizara ya nyumba ya Marekani, HUD, na hita ya maji ni mahali ambapo kanuni hizo zinatofautiana sana na nyumba ya kawaida. Trela ni ndogo na imebanwa, hewa ya ndani ni kidogo. Kwa hiyo hita ya gesi hairuhusiwi kuchangia hewa na watu wa nyumbani. Huvuta hewa yake kutoka nje, mara nyingi kupitia tundu la sakafuni, na moshi wake hutoka kwa bomba linalotoboa paa. Ndiyo maana kabati la hita aghalabu hufunguliwa kwa nje, na kama liko ndani, kifuniko chake lazima kikaze kabisa, pasipo mwanya.

Ukiziba tundu hilo, gesi haipati hewa ya kutosha kuungua yote, na hapo ndipo inapozaliwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na watu hudhani ni mafua. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, msimeze panadoli mkarudi kulala. Tokeni wote, mpige 911 mkiwa nje. Na tafadhali, kila nyumba yenye gesi iwe na kengele ya kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala. Nikikuta haipo, hilo huwa jambo la kwanza kumwambia mteja, hata kabla ya kufungua hita.

Sasa hiyo themokapo ambayo kila mtu huikimbilia. Ni kijiti cha shaba ambacho ncha yake hukaa ndani ya moto wa pailoti. Ikipata joto huzalisha umeme kidogo sana, kama milivolti 25 hadi 30, na umeme huo ndio unaoshikilia valvu ya gesi isijifunge. Moto wa pailoti ukiwa mdogo au unapeperuka, ncha inapoa na valvu inakata gesi. Inafanya kazi yake. Kwa hiyo pailoti ikizimika, themokapo huenda ni mbovu, lakini pia huenda buibui ametanda kwenye kijibomba cha pailoti, au upepo unashuka kwenye bomba la paa ambalo kofia yake imeng'oka, au hewa ya chini imezibwa. Yule mama alikuwa ameihifadhi themokapo ya zamani kwenye droo. Niliipima. Ilikuwa nzima.

Tulitoa blanketi, tukasafisha jiko na masizi, tukafunga wavu wa chuma wenye matundu mapana kiasi cha kupitisha hewa, lakini madogo kiasi cha kumzuia panya. Baridi ya mabomba tuliitibu kwa waya maalumu wa umeme wa kupasha mabomba. Kumbuka pia ile sketi inayozunguka chini ya nyumba. Ukiiongezea mbao za kuzuia baridi, acha madirisha yake ya hewa wazi, kwa sababu hita inapumua kutoka huko chini.

Kuna kosa jingine linalonisikitisha zaidi, maana huanza na mtu kutaka kuokoa pesa. Hita inakufa, mtu anakwenda duka kubwa, anakuta ya kawaida kwa bei nafuu na jamaa yake anamfungia. Hita ya kawaida huvuta hewa ya ndani ya nyumba. Kwenye trela haifai hata kwa siku moja. Inayotakiwa ni ile yenye lebo inayosema imeidhinishwa kwa nyumba za kiwandani. Nyingi za aina hiyo huja na pua mbili za gesi, yaani vipande vyenye kitundu cha kupitishia gesi, moja ya gesi asilia na nyingine ya propani. Ukiacha pua ya gesi asilia wakati unatumia mtungi wa propani, moto unakuwa mkubwa kupita kiasi na masizi yanajaa. Ukinusa gesi ya propani, jua ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini, ndani ya sketi. Usiguse swichi yoyote. Toka, upige simu ukiwa mbali.

Angalia pia sakafu. Katika nyumba nyingi za zamani ni chipbodi, na tone dogo la miezi mitatu hulivimbisha hadi hita inaegemea upande. Ukikanyaga karibu na kabati na sakafu ikadidimia, tuite mapema. Bomba la valvu ya usalama, ile inayofunguka shinikizo la maji likifika psi 150 au joto nyuzi 210 za Farenhaiti, lisizibwe kamwe hata kama linadondosha maji. Kipimo cha joto la maji kiweke nyuzi 120 za Farenhaiti. Kinatosha kuoga, na mtoto haungui upesi.

Ukitupigia, tutakuuliza mnatumia mtungi au gesi ya bomba, moto una rangi gani, na kama kuna aliyeumwa kichwa. Tupigie picha ya lebo iliyo ubavuni mwa hita, na ya karatasi ya kiwandani iliyobandikwa ndani ya kabati la jikoni au karibu na boksi la umeme. Tukiwa na picha hizo mbili, tunakuja na kifaa sahihi safari ya kwanza.